Dirisha la Effie Turnbull

Galashiels, Februari. Mvua haina haraka.
Effie Turnbull kaileta kompyuta ndani ya gunia la viazi,
akaitua mezani pa karakana:
"Imekuwa nzito kama mimi. Fanyeni mjuavyo."

Tukaiondolea Windows iliyokuwa imeichosha,
tukaiwekea Linux, ikaamka kama mtu aliyetuliwa mzigo.
Kesho yake, sijavua hata koti, yuko mlangoni:
"Mfumi wangu kagoma."

Mfumi ni programu ya mwaka tisini na nane.
Huchora mtande na mshindio, mraba kwa mraba,
huhesabu nyuzi, hukumbuka kila tartani
aliyolifumia bonde hili, ya arusi na ya msiba.
Aliyeitunga alikuwa fundi mmoja wa Hawick.
Kafa, na msimbo wake hakumwachia mtu.

Basi nikakesha nayo.
Kuiandika upya siwezi; sufu naijua kwa kuivaa.
Niwezalo ni kuihadaa kwa adabu.

Inabisha hodi: Diski C iko wapi?
Hapa hapana C. Nafungua folda, naipa jina C.
Inaridhika.
Inauliza: na rejista, yenye majina ya wote?
Naipa daftari lenye kurasa mbili zilizoandikwa.
Inaridhika.
Inaomba dirisha.
Nyumba hii haikujengewa madirisha ya namna hiyo.
Nachora moja ukutani, na fremu yake, na kitufe pembeni,
nayo, maskini, inachungulia
na kuona nje.

Ruaridh anasema, "Kumbe unaiiga Windows."
Siigi. Natafsiri. Kuna tofauti,
na tofauti hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Maana Jumanne nilikuwa hospitalini, kazi yangu ile nyingine,
nimekaa kati ya daktari na Nabintu, mama wa Bukavu.
"Mwambie tumbo linanisokota," akasema,
nami nikampa daktari maumivu, upande wa kushoto, tangu Ijumaa.
Kusokota hakukupita.
Uzi wote ulibaki mkononi mwangu,
nikatembea nao hadi kituo cha basi.

Usiku wa tatu Mfumi anataka kitu nisichokijua,
kina jina refu kama treni ya mizigo.
Nachimba. Kumbe mtu wa Winnipeg alishaandika nusu,
miaka sita nyuma, akaacha neno kando ya msimbo:
*Iliyobaki, nitarudi.*
Hakurudi. Sijui kama ni kazi mpya, au mtoto, au ugonjwa.
Naanzia alipoishia, kwa mkono usiofanana na wake.

Saa kumi kasoro robo, dirisha likafunguka.

Effie akavaa miwani, akaitazama tartani ya akina Elliot
kwa muda mrefu kupita adabu.
"Buluu imekuwa nyekundu," akasema, "na nyekundu buluu.
Jumamosi tunamzika Wat Elliot. Mnataka alale
ndani ya nguo ya watu asiowajua?"
Nilikuwa nimezisoma rangi kinyume, kutoka mkia kwenda kichwa.
Nikageuza herufi mbili. Buluu ikarudi kwao.

Hakusema asante. Alisema, "Haya,"
akavuta kiti, akaanza kuhesabu nyuzi kwa sauti,
kumi na sita za kijani, nne nyeusi, mbili za ile buluu,
kana kwamba hakuna aliyekesha,
kana kwamba ukuta ulizaliwa na dirisha lake.
Nilisimama pale na chai inayopoa. Sijawahi kusifiwa hivyo.

Printa bado inakataa.
Anaipiga picha skrini kwa simu, anaondoka nayo mvuani.
Nami, kabla ya kuzima taa,
naongeza mstari mmoja chini ya ule wa mtu wa Winnipeg:
*Printa, nitarudi.*